Kicheko cha Mpigo wa Nne

Kwanza wekeni hizo simu chini. Najua mnaweza kusikiliza huku mnabonyeza, ndivyo mnavyoniambia kila siku, lakini mimi siwezi kuzungumza na utosi wa mtu.

Nilikuwa fundi wa sufuria hapa Lurambi, kibanda changu kikiwa kimeegemea posho mill, kiasi kwamba kila nilichotengeneza kilitoka na unga juu yake. Siku hizi sufuria ikitoboka mnaitupa. Miaka ya tisini hakuna aliyetupa sufuria. Ilizibwa, ikanyooshwa, ikabadilishwa kitako, ikarithiwa. Kuna mama mmoja wa Mayoni ambaye sufuria yake niliibadilisha kitako mara nyingi, mara nyingine nikambadilishia na mdomo, hadi nikawa sijui ni kipi kilichobaki cha ile ya kwanza. Yeye bado alikuwa akiwaambia watu ni zawadi ya harusi yake.

Sasa nawapa siri moja ya kazi, hata kama hamtashika nyundo maishani. Mabonde ya sufuria, pale ilipobonyea, hayafanani. Bonde la hasira ni moja, ni kubwa, na liko ubavuni, kwa sababu sufuria ilirushwa. Mteja huja nalo akitazama kando na kusema, "Fundi, ilianguka." Mimi humwambia pole, na kumwuliza kama ilianguka kutoka kwenye ndege. Bonde la mtoto ni dogo, nalo haliji peke yake. Yanakuja mengi, yamerundikana kitakoni upande mmoja, kwa sababu mtoto huigeuza sufuria, anaketi mahali pamoja na kupiga palepale panapomtazama. Nikiona sufuria ya namna hiyo nilikuwa nafurahi kabla hata ya kumsalimia mwenyewe. Nilijua nyumba hiyo jioni ugali unapopikwa kuna makelele, na mzazi ameyaruhusu.

Aliyenifundisha ni mzee Ambeva wa Malinya. Mzee huyo alikuwa fundi siku zote isipokuwa siku ya fahali kupigana, ambapo angekuacha na sufuria ya mtu motoni na kurudi kesho yake akiwa amepoteza sauti. Nilipoanza, nilijiona mjanja. Mama mmoja alileta sufuria ya alumini yenye tundu, nami nikailehemu kwa risasi nilivyozoea kulehemu koroboi za bati. Ilipendeza sana, hadi ilipokutana na maharagwe. Kiraka kilibanduka katikati ya mchemko, supu ikazima moto, na yule mama akaibeba sufuria kichwani kurudi sokoni akiwatangazia watu wote jina langu. Mzee Ambeva alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akanionyesha. Alumini haishiki risasi, alumini huzibwa kwa ribiti ya alumini, unaipitisha kwenye tundu, unaigonga pande zote mbili hadi ilale. Na kabla ya kuigusa sufuria yoyote, igonge kwa kifundo cha kidole na usikilize. Ikilia vizuri, ni nzima hapo. Ikitoa sauti ya kukaba, kuna ufa ambao hujauona.

Basi sikio langu likanolewa namna hiyo, na ndiyo sababu nilifaa kuingizwa katika ule upuzi wa mashindano ya muziki wa nyumbani.

Nyinyi hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo niwaeleze. Vyama vingi vya siasa vilikuwa vimekuja, na kila mtu alikuwa ameonja utamu wa kuitwa mwenyekiti. Ukikuta watu watatu wamesimama njiani, mmoja alikuwa mwenyekiti, mwingine katibu, na wa tatu alikuwa amejitenga na wenzake kuanzisha kundi lake. Kanisani kwetu kulikuwa na kamati ya familia, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mwenye sauti na kofia. Huyo mama alikuwa amegundua kwamba wazazi na watoto wadogo huimba na kupiga vyombo pamoja nyumbani. Wengine wetu tungeligundua tukasema ni vizuri, tukaendelea na chai. Yeye alisimama mbele ya waumini na kusema jambo hili haliwezi kuachwa likienda ovyo hivyo bila kamati.

Ikaamuliwa kwamba siku ya sherehe ya mavuno, kila familia itapanda jukwaani, mzazi na mtoto ambaye hajaanza shule, waonyeshe jinsi wanavyocheza muziki nyumbani. Kutakuwa na waamuzi. Kutakuwa na kombe. Alama zitatolewa kwa mavazi, kwa jinsi ya kuingia jukwaani, kwa nidhamu ya mtoto, kwa sauti, na kwa furaha. Ndiyo, furaha ilikuwa na alama zake. Nilipolisikia hilo nilidhani katibu amekosea kusoma.

Kwa wiki kadhaa kibanda changu kilijaa. Watu ambao sufuria zao za kupikia zilikuwa zinavuja walikuja kununua mpya za kupigwa tu. Baba mmoja alitaka debe lisilotoa kelele nyingi. Mwingine, mwenye trekta za kubeba miwa, alipita kunionyesha kinanda cha betri alichomletea mwanawe kutoka Kisumu. Ukibonyeza kitufe kimoja kilipiga wimbo mzima chenyewe, na ngoma zake, na makofi yake. Nilimwuliza mtoto atafanya nini. Akasema mtoto atakuwa karibu.

Sasa nije kwa wale ninaotaka kuwasimulia. Mama Ayuma alikuwa anauza samaki wa omena sokoni, karibu na mimi, na kila mara aliponiletea chombo alikuja na binti yake, Ayuma, ambaye bado meno yake ya kwanza yalikuwa yote. Huyo mtoto alikuwa mteja wangu mkubwa, kwa maana ndiye aliyekuwa akiharibu vyombo. Wakisubiri nimalize kazi, walikuwa na mchezo wao. Mama aligeuza karai, mtoto akachukua kifuniko na kijiko, wakapiga na kuimba chochote kilichopita mbele yao: fundi ana unga kichwani, mbuzi amekula gazeti, maji yachemke tule. Halafu katikati mama alisimama ghafla, mwiko juu, kimya. Anayepiga baada ya hapo ameshindwa.

Na Ayuma alishindwa kila mara. Nilidhani ni udogo, hadi siku moja nilipomtazama vizuri. Mtoto alisimamisha kijiko sawasawa na mama yake, akangoja, akamtazama mama usoni, kisha akapiga, paa! kwa makusudi kabisa. Halafu akaanguka kwa kicheko, na mama naye, na mimi na nyundo yangu. Kushindwa ndiko kulikokuwa na utamu. Nilimpenda sana yule mtoto, siwafichi. Kwangu wavulana walikuwa wamekua na walikuwa hawanichekei tena isipokuwa nikiteleza.

Baba yake alikuwa Mwalimu Lumbasi, mwalimu wa kwaya katika shule moja ya msingi. Mama Ayuma aliniambia hata yeye alikuwa mchezoni. Akirudi jioni alivua viatu, akagonga meza kwa peni, na kimya kilipokuja, siku nyingine alimwahi mtoto kupiga, akashindwa yeye, na Ayuma akamkasirikia kwa kumnyang'anya zamu. Ninalisema hili ili msimwone kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzuri aliyepatwa na ugonjwa wa kombe. Kwaya yake ilikuwa nzuri, lakini kila mwaka ilirudi kutoka mashindano ya wilaya ikiwa ya pili, na kuwa wa pili kila mwaka kunamla mtu polepole. Alipoyasikia mashindano ya kanisa, aliwaza kwamba hatimaye kuna shindano ambalo tayari analo jikoni kwake.

Alikuja kibandani na kifuniko cha sufuria na kile chuma chenye meno mawili ambacho walimu wa kwaya hugonga gotini na kukiweka sikioni.

"Fundi," akasema, "kifuniko hiki hakina sauti."

"Kina sauti, Mwalimu. Kila siku naisikia."

"Kina kelele. Nataka kilie doo. Na karai ya mama nataka ilie soo."

Nikaichukua kama kazi. Kifuniko ukikigonga katikati kutoka ndani, kinatuna mgongo na sauti inapanda. Ukikilaza, inashuka. Unagonga kidogo, unasikiliza, unagonga kidogo, kwa nyundo ya mti, si ya chuma. Tulikaa mchana mzima, mimi nikigonga kifuniko, yeye akigonga goti, watu wa posho mill wakitoka nje kuuliza kama kuna mtu anahama. Mwishowe kikalia doo safi kama kengele. Ilikuwa kazi nzuri, na hadi leo sioni haya kuisifu.

Siku iliyofuata aliwaleta Mama Ayuma na mtoto kuvijaribu vyombo palepale kibandani. Wakaanza. Mtoto akafurahia ile sauti mpya, wakaimba, mama akasimama ghafla, kimya, Ayuma akamtazama, paa!

"Simama!" Mwalimu akasema. "Ayuma, hapo umekosea. Mama akinyamaza, na wewe unanyamaza."

Mama Ayuma akamwambia, "Lakini Baba Ayuma, hapo ndipo huwa anachekanga."

Mwalimu akafikiri. Alama za furaha hakutaka kuzipoteza. Akatoa kalamu na karatasi ya noti zake, akaandika, kisha akatusomea kwa sauti ya darasani. "Kituo. Mpigo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, mtoto anamtazama mama. Wa nne, mtoto anacheka. Ha-ha-ha, sauti ya juu, kisha tunaendelea."

"Acheke nini?" nikauliza.

"Acheke tu, Fundi. Kicheko ni kicheko."

Ayuma alijaribu. Mara ya kwanza alicheka kweli, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Mara ya pili akacheka kidogo. Baba yake akamwambia amechelewa. Kufikia jioni mtoto alikuwa anacheka kwenye mpigo wa nne bila kukosea, akimtazama baba yake aone kama amefaulu. Ndipo mimi nilipoanza kupoteza hamu ya ile kazi.

Siku si nyingi kabla ya sherehe, Mama Ayuma alikuja peke yake. Alinisalimia "Mulembe, Fundi," akaniwekea sufuria mezani. Niliigeuza. Kitako kilikuwa kimenyooka vile nilivyokinyoosha mara ya mwisho.

"Mama Ayuma, hii ni nzima."

"Najua ni nzima, ndiyo nimekuletea uone." Akakaa kwenye debe langu. "Ayuma hapiganga tena. Nikigonga kitu jikoni ananiuliza kama ni mazoezi. Nikimwambia hapana, ni kucheza tu, anaenda kukaa nje. Mimi hiyo kombe sitaki, Fundi. Huyo ndiye mtoto niko naye. Nataka tu anichekee vile alikuwanga ananichekea. Wewe ni mwanaume mwenzake, ongea na yeye."

Nilikasirika kwa niaba yake, nikaenda. Nilimkuta Mwalimu akichora jukwaa mchangani na kumwonyesha mtoto wapi atasimama na wapi atainama. Nikamvuta kando, nikamwambia mchezo umeanza kufa nyumbani kwake, na mkewe ana huzuni.

Mwalimu hakunikasirikia. Alinishika bega. "Mtoto hasahau, Fundi. Tukishamaliza hili shindano, siku hiyohiyo tutarudi kwa mchezo wetu kama kawaida. Unadhani mimi siutaki?"

Niliona macho yake, na alikuwa anasema kweli. Alikuwa anautaka. Nikarudi kibandani nikiomba yeye awe sahihi na mimi niwe mjinga.

Siku ya mavuno ikafika. Nimehudhuria matanga yaliyokuwa na vicheko vingi kuliko sherehe ile. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta hadi wanateleza mikononi mwa mama zao. Mwenye trekta alikiweka kinanda chake mezani, akabonyeza, kikapiga wimbo mzima na makofi yake, na mtoto akalala juu yake. Waamuzi wakampa alama nyingi za utulivu. Mtu mwingine alipanda na kijana mwenye ndevu zinazochungulia, akaapa kwamba kijana hajaanza shule, jambo ambalo huenda lilikuwa kweli. Mama mmoja maskini alipanda na mtoto aliyelia kutoka mwanzo hadi mwisho akitaka kwenda nyumbani. Mwamuzi mkuu, bwana aliyeletwa kutoka mjini na tai yake, akasema hisia zilikuwa nzuri ila kilio hakikuoana na wimbo.

Kisha wakaja Mwalimu Lumbasi na familia yake, wote watatu kwa kitambaa kimoja. Waliingia kwa mstari. Waliinama pamoja. Karai ikalia soo, kifuniko kikalia doo, na mimi fundi nikajikuta nimenyoosha shingo kwa fahari. Wimbo wao sasa ulikuwa unashukuru mavuno, maana mbuzi na gazeti walikuwa wameondolewa. Kikaja kituo. Kimya. Kimya. Mtoto akamtazama mama. Ha-ha-ha. Watu wakapiga makofi. Mimi niliyeketi mbele kabisa niliuona uso wa Ayuma wakati wa kile kicheko, na ulikuwa uso wa mtu mzima anayepigwa picha ya kitambulisho.

Bwana mwenye tai alishika kipaza sauti. "Hapa ndugu zangu tumeona kazi. Kicheko kiliingia kwa wakati, na kikatoka kwa wakati. Wazazi wengine, tafadhali, igeni."

Walishinda. Mwenyekiti wa kamati alilia machozi chini ya kofia yake. Mwalimu alilinyanyua kombe juu, kisha akamnyanyua mtoto, kisha kombe tena. Nilimpongeza kwa moyo, kwa sababu mtu aliyekuwa wa pili miaka yote ile anastahili kupongezwa.

Jioni hiyo waliwaita jirani wachache nyumbani, na mimi nikiwemo kwa heshima ya kifuniko. Tuliletewa obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku mzima wa kienyeji, na nikapewa paja kama mkwe. Watu walisifu, wakala, wakaaga mmoja mmoja kabla giza halijaingia vizuri. Mimi nilibaki kumalizia chai. Mama Ayuma alikuwa anaosha sufuria mlangoni. Ayuma alikuwa ameketi mkekani na nguo yake ya jukwaani.

Mwalimu akavua viatu. Nikajua anataka kufanya nini, na kwa kweli moyo wangu ulimwunga mkono. Alijishusha mkekani mbele ya binti yake, akampa kijiko na kifuniko kikuukuu, si kile cha doo, kingine chenye kutu cha mkebe wa mafuta. Yeye akachukua bakuli. Akaanza kuligonga na kuimba, sauti mbaya ya makusudi: mgeni amekula paja, mgeni hatatoka, chai imekwisha. Nilicheka. Mlangoni, mikono ya Mama Ayuma ilisimama majini.

Ayuma akapiga. Alipiga vizuri sana, hakupotea hata kidogo. Mwalimu akapandisha, akapandisha, kisha katikati ya neno akasimama ghafla, mkono juu.

Kimya. Mwalimu alikuwa tayari anatabasamu, amekaza mabega, akingoja lile paa.

Ayuma alikishikilia kijiko hewani, kimenyooka, hakitetemeki. Alimtazama baba yake kwa makini. Kisha akauliza, kwa sauti ya adabu kabisa:

"Baba, nicheke sasa?"

Mwalimu hakuushusha mkono. Lile tabasamu lilibaki usoni likiwa halina kazi. Alinitazama mimi, nami nikatazama chai. Akalitazama kombe juu ya kabati, akarudi kumtazama mtoto, ambaye bado alikuwa amekishikilia kijiko na anangoja kuambiwa.

Mama Ayuma hakugeuka. Alisema kwa upole, akiwa ameinamia maji:

"Mjibu mtoto, Mwalimu."